Sihami Kikula

Mama yangu mpendwa,

Mgongo wako unaendeleaje? Na mahindi, mvua imeyaacha yakomae? Mimi huku Kikula, Likasi, ni mzima, hata sauti yangu ni nzima, utaisikia sasa hivi.

Ujumbe wako nimeupata kwa mdomo wa yule mama wa samaki anayepanda treni: eti nimeuaibisha ukoo kwa kuwapa watu wa nje kazi ya ndugu. Umesikia upande wa yaya Donat, mwanao mkubwa. Sasa sikia wangu.

Upepo wa mvua uling'oa mabati ya jikoni. Nilisimama uani na sufuria kichwani, nalia. Rafiki yangu Feza, ninayeuza naye makala ya kupikia sokoni, akaja na mume wake bila kuitwa. Hata pole hakusema.

"Miye sikuye kulia na weye," akaniambia. "Misumari iko wapi?"

Kufika jioni mabati yalikuwa juu, mengine yamepinda kama masikio ya mbuzi. Nikasonga bukari, tukala, wakaenda kwao.

Kesho yake ndipo yaya Donat alipofika kutoka Shituru, na viatu vya kazini, na hasira. Paa hakulitazama. Aliomba kiti kwanza.

"Juu ya nini haukuniita? Bantu batasema hauna na famille, hauna na ndugu! Hii nyumba tutaiuza. Kuja ku kwangu, chambre ya kulala iko."

Mama, yaya ananipenda, sikatai. Nilipofiwa na mume wangu, yeye ndiye aliyeshughulikia jeneza, akalala mkekani mpaka kilio kikaisha. Feza hawezi hayo, na simdai. Lakini ndugu akikusaidia anakubeba mzima mzima, na ukishabebwa huchagui njia. Feza alisaidia paa tu, akaniacha nimesimama mlangoni pangu. Matofali ya nyumba hii tuliyafyatua mimi na marehemu kwa mikono yetu. Nikienda Shituru nitalea watoto wa yaya na kuomba ruhusa ya kuwasha jiko kwa wifi mpaka nizeeke.

Umenikumbusha kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kweli, halikumalizi. Lakini linakula, Mama! Wewe mwenyewe ulipokuwa kwa shemeji zako ulikonda, nakumbuka.

Basi nilimwambia yaya hapana, tena nikimtazama machoni. Akaondoka bila kugusa chai. Ndiyo sababu amekimbilia kwako, kwa kuwa anajua mama hakataliwi. Nami nakukataa, Mama, kwa heshima yote, magoti yangu yako chini. Inaniuma kuandika hivi. Hata hivyo sihami, na nyumba haiuzwi.

Nisalimie mama mdogo anayekutekea maji, na baba mkubwa wa baiskeli, umwambie aache kupanda mlima na kifua kile. Msalimie pia shangazi wa kwaya, najua ataisoma barua hii kabla yako.

Na yaya akikupigia simu tena, mwambie paa la upande wa chumbani bado linavuja. Simwiti. Ngazi iko ukutani, na njia ya kuja Kikula anaijua.

Ni mimi binti yako, kichwa kigumu uliyemzaa mwenyewe,

Astrida