Tambi Zilizokatika

Mtaa wa Fuk Wing,
Sham Shui Po,
Hong Kong.
12 Desemba 2006

Mpendwa shemeji Wing-cheung,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Vancouver, na baridi yenu inakutendeaje? Bik-ha na watoto wazima? Huku tunaendelea. Kifua cha Mama kimetulia kidogo, ila ulimi wake haujatulia, bado anagombana na jirani kwa sababu ya redio. Kadi yako tuliipata. Kaka yako aliigeuzageuza akacheka, akasema umeshakuwa bosi, hata salamu za nyumbani unazichapa kwa kompyuta.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yetu iko sebuleni, na kaka yako akiwepo husikia hata ninavyopumua. Habari hii sitaki aisikie. Shemeji, naogopa.

Unajua siku yangu ya mapumziko hupitia mkahawani kwa Mzee Mok, saa ya chai ya alasiri, nikala tambi pana za nyama ya ng'ombe alizokaanga mume wangu. Wenzangu hunicheka kwamba nyumbani hashiki hata sufuria, nikitaka mapishi ya mume wangu sharti nipange foleni na wateja. Nami hucheka nao, kwa sababu ni kweli.

Tambi zile ni laini mno, ukizichokoa kwa mwiko zinakatika. Ndiyo maana kaka yako hurusha karai kwa mkono mmoja mpaka vyote vigeuke vyenyewe hewani. Ukimaliza kula, chini ya sahani hukuti tone la mafuta. Mzee Mok haonji mapishi ya mtu. Hukaa karibu na mlango wa jikoni akitazama sahani zinazorudi, na kwa mafuta yaliyobaki anajua mpishi wake kaamkaje.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa nasubiri, nikasikia kutoka jikoni mwiko wa chuma unakwangua karai. Nilidhani ni mtu mwingine anapika. Kisha Fong, yule mhudumu wa siku nyingi, akaniletea sahani bila kunitazama usoni. Tambi zilikuwa vipande vipande, na mafuta yametuama chini. Chai ya maziwa ilikuwa ileile, nzito na chungu kidogo, nikashika kikombe kwa mikono miwili.

Mezani nilikuwa na dereva mmoja wa teksi, simjui, wala yeye hanijui. Alikuwa ameagiza kama mimi. Akanyanyua tambi kwa vijiti, zikamdondokea.

"Dada, Mok kaleta mpishi mgeni? Yule wa zamani kafa, au?"

Nilimjibu sijui. Shemeji, nilimkana mume wangu juu ya sahani yake mwenyewe, na mpaka leo sina raha.

Dereva alipoondoka, Fong alikuja akajifanya anafuta meza, akaninong'oneza, "Kula uimalize, dada. Sahani za wengine nazipangusa mimi kabla hazijafika kwa mzee, lakini ameanza kuniangalia." Kumbe haikuwa siku ya kwanza. Nilikula yote, kisha nikafuta yale mafuta kwa karatasi za mezani na kuzitia mkobani. Mkoba unanuka mpaka sasa.

Tangu siku hiyo namchunguza. Nyumbani ameacha vijiti, anakula kwa kijiko. Akipumzisha mkono wa kulia pajani, kidole gumba kinasugua cha pili kama mtu anayeviringisha punje ya wali, mwenyewe hana habari. Nilipomuuliza aliutia mkono mfukoni.

"Baridi tu hiyo, mama Ka-yan."

Baridi ndiyo marehemu Baba aliyoisingizia. Mama ndivyo anavyosimulia kila mwaka tukienda kufagia kaburi. Mimi niliolewa nikamkuta Baba tayari analishwa, na kaka yako miaka ile alikuwa hatoki jikoni. Wewe ndiye uliyemfunga vifungo na kumnyoa. Niambie ukweli, ilianza mkono gani? Ilimchukua muda gani mpaka akashindwa kushika kikombe? Usinifiche kwa kunihurumia.

Hospitali amekataa. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanuna siku nzima. Anasema akionekana tu kwenye foleni ya daktari, Mzee Mok atajua kabla ya jioni, na yeye asiposhika karai atashika nini? Lakini mimi siogopi Mok kama ninavyoogopa lile jiko. Moto wake unaujua, unapanda mpaka kifuani, na karai limejaa mafuta. Kila simu ikilia kazini kwangu, nadhani ni habari za moto. Nikimwambia Mok nitakuwa nimemuua mume wangu kwa njia moja, nikinyamaza huenda nikamuua kwa nyingine. Uamuzi huu sitaki kuubeba peke yangu.

Mama anakusalimu, hajui lolote. Ka-yan anamsalimu Bik-ha na binamu zake, anauliza lini mtakuja. Fong naye anakukumbuka, anasema mara ya mwisho hukucheka mizaha yake, kwa hiyo bado unadaiwa kicheko.

Kuna moja zaidi, na usinikasirikie. Ile kadi yako nimeitoa kwenye droo tena na tena. Hata jina lako chini umelichapa, wewe uliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote nyumbani. Ukinijibu, nakusihi, weka kompyuta pembeni. Shika kalamu uniandikie japo mistari miwili, niuone mkono wako.

Mababu wakulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Suk-han