Vidonge Ulivyogawana na Mama Limi

Nyahanga, Kahama

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini mkono umekataa kukuandikia bila salamu.

Utaona mwandiko wangu umetulia. Miezi minne iliyopita Mzee Bakari, mkuu wetu pale masjala, aliinua barua niliyoinakili akaniuliza, "Binti, hii umeiandikia juu ya lori la pamba?" Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka, huku nimeficha mikono chini ya meza.

Nilikuwa nimeshajua. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa. Nilikula ugali wa watu wawili, na sketi ikazidi kunilegea. Wenzangu wakivaa sweta, mimi natoka jasho. Yote hayo niliyaona kwako, Mama. Niliogopa kwa sababu nilijua yalikoishia.

Daktari wa Shinyanga alinishika shingo, akahesabu mapigo, akaniambia ninyooshe vidole akaweka karatasi juu yake. Karatasi ikacheza. Akasema tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, akanipa vidonge kama vyako. Nimeze kila siku, mwaka mzima au zaidi, hata nikijiona nimepona. Nikipata homa au koo likiniuma, niache mara moja nirudi kupimwa damu. Niliyaandika yote, nikayasoma tena kwenye basi.

"Mama yako alivimeza sawasawa?" aliniuliza.

Nilisema ndiyo.

Wiki hiyo hiyo jirani yako Mama Limi alikuja kunijulia hali. Rovu lake la shingoni limekua tangu ulipotuacha. Akaliona kopo la dawa mezani, uso ukamchangamka. "Kumbe na wewe unavyo! Nigawie, mwanangu. Mama yako hakuninyima hata siku moja. Kimoja yeye, kimoja mimi, mpaka alipoondoka."

Mama. Nusu. Ulikuwa unameza nusu, na sisi kwenye matanga tukisema dawa ya hospitali imeshindwa.

Sikukukasirikia. Ulipokosa nguvu, yeye ndiye aliyekuchotea maji. Ungemnyimaje? Mimi mwenyewe mkono ulikuwa umeshafika kwenye mfuniko. Nikaurudisha. Nilimwambia, "Hivi siwezi, Mama Limi. Ila Jumatatu twende wote hospitali."

Aliondoka bila kuaga. Kisimani akawaambia wenzake, "Minza kasoma, kasoma, mpaka kajifunza uchoyo." Siku nne nilipita mlangoni kwake nikiamkia, haitikii. Lakini Jumatatu nilimkuta stendi kabla yangu, amejifunga khanga yake mpya.

Daktari alimpima kwa utulivu. Akasema rovu lake si ugonjwa wetu. Tezi imevimba, lakini haiukimbizi moyo. Vidonge hivi havikuwa vyake, na vingeweza kumdhuru. Atatibiwa kwa njia nyingine.

Kwenye basi alikaa dirishani, mkono shingoni. Tulipokaribia Kahama ndipo aliponigeukia. "Kwa hiyo vyote vilikuwa vya mama yako."

Nikamshika mkono. "Alikugawia kwa sababu alikupenda," nikasema. Alilia mpaka tukashuka.

Tangu siku hiyo huja kila asubuhi kabla sijaenda kazini, na kikombe cha maji. Anasimama mlangoni. "Meza, nione." Haondoki mpaka nifungue kinywa kama mtoto. Mwezi uliopita nilianza kunenepa kidogo, nikajiona mzima, nikamwambia leo nipumzike. Mama, alinitazama! Nikameza.

Bado naogopa, hasa koo likikauka. Lakini nalala, na moyo unakwenda kwa hatua.

Nakuahidi nitameza mpaka daktari mwenyewe aseme basi. Tena hakuna atakayesikia kutoka kinywani mwangu kwamba Mama Limi alikupunguzia siku. Yeye mwenyewe ameshajua, na inamtosha.

Pumzika, Mama. Nasikia kandambili zake uani. Naenda kumfungulia.

Mwanao,
Minza