Nyumba Yetu ya Makopo

Lupepo, Tukuyu

Yaya Furaha, dada yangu mpendwa,

Barua hii ikukute unapumua vizuri, wewe na watoto. Goti lako je, bado unachechemea? Mimi mwili ni mzima. Mvua ya huku haikatiki, ukungu unaingia hadi chumbani, na lile koti la Baba ndilo ninalolivaa.

Kazi ni ile ile ya kutengeneza baiskeli. Tangu uliponipigia kusema vita imefika mtaani kwetu, nyumba imeungua na Mama hayupo tena, sina maneno mengi. Nikifunga kazi naokota vitu njiani: visoda, spoku zilizokatika, makopo, vipande vya bati. Nimejenga nyumba yetu, Yaya. Imejaa meza nzima. Mlango wa jikoni unaning'inia upande, vile vile. Hata ile ndoo uliyoitoboa ukamsingizia mbuzi, ipo. Mama ni kijiko kilichovunjika mpini, nimemfunga kipande cha kitenge. Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinatulia kidogo.

Juzi mwenye nyumba wangu, Bibi Atuganile, aliniletea ndizi za kupika. Akainama, akatazama.

"Huyu ndiye mama yako? Mbona mwembamba hivyo? Mlikuwa hammlishi?"

"Alikuwa mnene, Bibi. Kijiko ndicho nilichopata."

Tukacheka. Kisha akazunguka meza, akachungulia nyuma ya nyumba.

"Gwe, wewe Bahati, umesahau kaburi. Liko wapi?"

Huku, Yaya, mtu huzikwa kwake, kando ya nyumba, migombani. Bibi akienda kukata majani ya ng'ombe hupita kaburini kwa mumewe, humsalimu. Nikamwambia sijui Mama alipolazwa.

"Hujui? Wewe mtoto wake?"

Alitoka, akarudi na jiwe dogo jeusi kutoka kwenye kaburi la mumewe, akanitia mkononi.

"Mzee hatanuna. Siku ukijua, liweke."

Kwenye simu ulisema tu, "Tulimlaza vizuri," ukakata. Sikuuliza, niliogopa. Sasa nauliza. Ni nyuma ya mpera, au upande wa ziwani? Yuko peke yake, au na wengine? Kama hamkupata nafasi ya kumzika, niambie hivyo hivyo. Sitakulaumu. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Na sasa hakuna mwingine wa kumuuliza.

Anayekuletea barua hii ni yule mama mfanyabiashara wa Kigoma. Mpe jibu yeye huyo huyo, hata mstari mmoja.

Nisalimie shangazi aliyewapokea, uji wake naukumbuka. Wakumbatie wanao, hasa yule mdogo aliyechukua jina la Mama. Bibi Atuganile naye anasema ndaga, ndiyo salamu ya kwao.

Jiwe liko mezani. Jana nililiweka nyuma ya jikoni, kwenye nyumba ya makopo. Leo asubuhi nimelitoa, sijui kama ndipo.

Mdogo wako,
Bahati