Taya Langu Kwenye Kioo cha Kompyuta

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeliona fuvu langu. Linazunguka polepole kwenye kompyuta, na mwenyewe nimekaa pale pale, mzima, mkoba mapajani.

Daktari wa taya ni mama mfupi asiyejua kukaa. Alielekeza kwa kalamu: hapa ndipo mdomo na kaakaa vilipokuwa vimepasuka ulipozaliwa, hapa ndipo waliposhona. Makovu yakalizuia taya la juu, la chini likaendelea kukua. Ndiyo maana meno yangu ya chini yanatangulia ya juu, na mkate naumega kwa vidole badala ya kuung'ata. Miaka yote hii, leo ndiyo kwanza nimeelewa.

Kabla ya upasuaji, fundi wa kompyuta atalikata taya humo humo kwenye picha, alisogeze, aangalie. Akikosea anabonyeza, linarudi lilipokuwa. Nikamwambia daktari laiti ningekuwa na kitufe hicho siku niliyonyoa nyusi. Alicheka mpaka mate yakampalia. Tutapatana.

Alhamisi, 6 Juni

Kazini. Mkuu wa stesheni amekubali likizo, ila anauliza nani atatangaza treni. Mwenzangu wa zamu anayameza majina ya vituo, abiria wanashuka kusiko kwao.

Mimi siyamezi. Herufi p na b nilizipata darasa la nne, kwa kupuliza pamba mezani na mwalimu wa matamshi. Watoto wengine walizipata bure. Labda ndiyo sababu nazitamka kwa maringo.

Ijumaa, 14 Juni

Sura yangu ya baadaye iko tayari! Nilikwenda na mama. Fundi akaifungua kwa madaha kama mwenye duka la vitambaa.

Mama akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

“Huyu si wifi yangu?”

Shangazi! Dada yake marehemu baba, ambaye mama hasemi naye tangu harusi ya kaka. Ni yeye mtupu: kidevu, mdomo, hata ile namna ya kutoshawishika.

“Nimekuletea mwanangu,” mama akamwambia daktari, “wewe unanitolea wifi.”

Daktari hakujua acheke au aombe radhi. Mimi nilicheka. Tulipofika nje nikalia kidogo, mama akajifanya anatafuta funguo. Sijawahi kuambiwa nimefanana na mtu. Kumbe uso wa kina baba nilikuwa nao, umekaa nyuma ya taya.

Jumatano, 19 Juni

Siku nzito. Mtaalamu wa matamshi aliniingiza kamera nyembamba puani, akanisemesha. Kisha akaeleza taratibu: kaakaa limeshikana na taya la juu. Taya likivutwa mbele kama kwenye ile picha, kaakaa huenda lisifike nyuma kuziba njia ya pua, na hewa itatorokea puani.

“Nitasemea puani?”

“Huenda.”

Nikamwambia kazi yangu. Akainuka. “Twende kwa daktari sasa hivi.”

Nilikaa katikati yao nikihisi kama mtoto anayegombewa na wazazi. Mmoja anataka meno yakutane vizuri, mwingine anataka sauti ibaki. Mwishowe daktari akasema tugawe: la juu lije mbele kidogo, la chini lirudi nyuma kidogo.

Fundi akanuna. Kazi ya wiki nzima! Kidevu hakitapendeza kama kile, akasema.

“Kaka, abiria hawakioni kidevu changu.”

Bado amenuna, lakini ameanza upya.

Jumanne, 25 Juni

Mpango wa pili. Shangazi amepungua, mimi nimeongezeka. Mama ameutazama sana, akasema huyu atamzoea.

Daktari hakunificha: hatari imepungua, haijaisha. Uamuzi ni wangu. Niliomba nitoke nje kidogo. Nikasimama koridoni nikatangaza treni ya kufikirika, kwa sauti, mpaka mgonjwa mmoja akauliza inaondoka saa ngapi. Nikarudi ndani nikasema ndiyo.

Jioni nikamsikia mama kwenye simu. “Njoo mwenyewe uone ulivyoibiwa sura.” Halafu wakazungumza mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 3 Julai

Kesho naingia. Fundi amenionyesha kibao cha plastiki kitakachowaongoza madaktari kupanga meno. Kimetengenezwa kwa ule mpango wetu. Chepesi! Nilitegemea kitu cha kutisha.

Treni yangu ya mwisho nimeitangaza polepole, kila kituo na haki yake. Mkuu wa stesheni alitoka ofisini akasimama kusikiliza. Kisha akarudi ndani.

Jumatatu, 8 Julai

Nimevimba kama mkate uliozidishwa hamira. Meno yamefungwa kwa mipira midogo, nakunywa uji kwa bomba la sindano. Lakini ulimi umeshapeleleza: meno ya juu yako mbele. Yako mbele! Nimehakikisha tena na tena, kama mtu aliyefunga mlango.

Mama na shangazi wamekaa pande mbili za kitanda. Kila mmoja anadai kidevu. Mimi siwezi kuamua, sijasema neno tangu upasuaji. Naogopa.

Mtaalamu wa matamshi ameingia sasa hivi. Anasema si kipimo rasmi, uvimbe bado, anataka kusikia neno moja tu. Ameweka kioo kidogo chini ya pua yangu. Hewa ikitorokea huko, kitaingia ukungu.

“Sema baba.”

Wanawake wangu wawili wanainama kunisogelea.

Nimesema. Limetoka nene, limevimba kama mimi, lakini limesikika. Shangazi ameweka mkono mdomoni, mama anamtafutia kitambaa.

Mtaalamu amekipeleka kioo dirishani. Anakigeuza kwenye mwanga. Anakigeuza tena, anamwita daktari aje aone, na siwezi kujua kama anatabasamu au ndivyo uso wake ulivyo —