Taa ya Kiti cha Mama Yako

Mwanangu,

Paka wako amezaa tena, na bati la jikoni nimeshaliziba.

Kuna jambo sikuweza kukwambia msibani. Ile taa ya garini ya eabegi, mfuko wa hewa wa kukinga ajalini, inayowaka kiti cha abiria kikiwa kitupu, ilianza kuwaka mama yako akiwa amekaa hapo hapo. Nikabadilishiwa mara mbili sensa, kile kifaa cha kupima uzito kitini, nikamfokea fundi. Mara ya tatu fundi akakaa mwenyewe, taa ikazimika. Akaniambia taratibu, "Mzee, kiti ni kizima. Mama ndiye kapungua."

Mama yako akasema ni gauni tu pana. Nikataka kumwamini.

Gari nililipeleka gereji mara tatu. Yeye nilimpeleka hospitali mara moja, nikarudi peke yangu. Sasa taa inawaka kila ninapoendesha, na haikosei.

Baba yako