Kopo la Unga Lisilotiwa Maji

Mjukuu wangu Neema,

Mama yako alitutoka mwezi wa pili, na wewe hukuja kumzika. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Ihumwa tu wazima, mjomba wako ameshavuna mtama.

Unauliza kama unga wa pai wa pakiti unafaa. Unafaa. Mimi nilipokuwa kijana nikiuza pai stesheni, nilichanganya wangu mwenyewe: unga vikombe vitatu, mafuta kimoja, chumvi kidogo. Mama yako, akiwa mdogo, aliniuliza, "Na maji, mama?"

"Maji mpaka mlaji afike," nikamjibu.

Alipoanza kuugua mwaka jana, mama yako alijaza kopo mchanganyiko huo mkavu. "Hili la Neema, mtu asiliguse."

Bado nimelifunika, ila mafuta hayakai milele. Unakuja, au nitie maji nile peke yangu? Nijibu kabla ya Jumapili.

Bibi yako