Aliyeijenga Nyumba ya Liwali

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kumi na nane juu ya ishirini! Insha yangu ya nyumba ya Liwali imechaguliwa. Nitaisoma Jumamosi mbele ya wageni, hapa hapa Wambaa, nyumba ikifunguliwa kuwa makumbusho. Mwalimu Hudhaifa kasema nisome kwa sauti, nisimeze maneno.

Nilitaka kumwambia mtu njiani. Nani? Rafiki yangu Laila kahamia Unguja tangu Mei. Nahla na wenziwe walikuwa mbele yangu, wakageuka. "Bi Liwali! Leo gari halikuja kukuchukua?" Wakacheka mpaka njia panda. Wananiita hivyo kwa sababu naishi humo. Hawasemi kwamba mimi na Bibi tuna chumba cha uani tu, na kwamba vile vingine kumi na kimoja Bibi anavifagia.

Mama nimempelekea ujumbe Muscat, anakofanya kazi. Tiki moja, haujamfikia.

Jumanne, 5 Agosti

Bado tiki moja.

Nimemsomea Bibi insha akikuna nazi. "Liwali Suhail bin Jabir, mtu mashuhuri aliyekaa baraza moja na wakubwa wa Serikali, alijenga nyumba hii mwaka 1934 —" Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Kajenga nani?"

"Liwali, Bibi."

"Kwa mkono upi? Ntu wa joho yule, chokaa kaishika lini?"

Akanieleza tena. Fundi alikuwa babake, Mzee Mabruki. Mawe kayachonga yeye, chokaa kaichoma yeye. Wanawake wakapanda juu kupigilia dari kwa magongo, siku saba, wakiimba. Haya nayasikia tangu nina miaka minne. Na bado niliandika *alijenga* — mkono wala haukusita!

Bibi hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Kaendelea kukuna.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefungua kitabu cha sarufi, kauli ya kutendesha. Jenga, jengesha. Silabi moja tu inaongezeka.

Nimeandika upya: "Liwali Suhail bin Jabir alimjengesha fundi Mabruki nyumba hii." Nimemsomea Bibi. Kasema, "Hapo sawa," kisha akanipa kipande cha nazi. Tumekula pamoja. Nyumba kubwa hii, na sisi wawili tu. Ukikohoa ukumbini, sauti inakurudia.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwalimu Hudhaifa kaisoma mara mbili. Kavua miwani.

"Kisarufi uko sahihi, mwanangu. Ningekupa ishirini." Halafu akasema kibao cha mlangoni kishachongwa, kimeandikwa ALIJENGA. Na mjukuu wa Liwali, Bwana Abdulsamad, anakuja kutoka Muscat. "Tusimtie mgeni aibu mlangoni kwao."

Mlangoni kwao!

Nikauliza kwa adabu, "Mwalimu, na Bibi yangu je?"

Kavaa miwani tena. "Soma kama kibao kilivyo, Rahila. Au Nahla atakusomea."

Sikulia darasani. Nilisubiri nifike kisimani.

Mgeni anatoka mji mmoja na Mama. Labda wamewahi kupishana sokoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama kapiga! Dakika nne. Kesho matajiri wake hawapo nyumbani, kwa hiyo atanitazama kwenye simu ya Bibi, moja kwa moja. "Nitakuona mwanangu, hata mkono ukiinua nitakuona." Sikumwambia habari ya lile neno. Miaka miwili hajaniona nikisimama mbele ya watu. Akimwona Nahla?

Ninazo karatasi mbili. Zote nimeziandika kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tatu na nusu. Nimo jikoni uani. Mbele kuna mahema, viti vya plastiki, spika inakoroma. Mwalimu alikuja kuuliza nimechukua ipi. Nikamwonyesha. "Rahila, Rahila," akasema, akaenda kumwita Nahla.

Karatasi ya *alijenga* nimeitia motoni. Imeshaungua.

Mara tukasikia hodi mlango wa nyuma. Mzee wa kanzu, kilemba kizuri, peke yake. Bibi akamwambia, "Karibu baba, lakini mlango wa wageni uko mbele."

"Najua, Bibi. Huko kuna makamera. Naomba maji tu."

Ndiye! Bwana Abdulsamad mwenyewe. Kanywa amesimama karibu na meko, kaiona karatasi yangu. "Ndiyo hotuba? Hebu niione."

Kaichukua. Naandika daftari likiwa mapajani, kwa sababu mikono sijui niiweke wapi. Anasoma kwa kidole. Kafika kwa Mabruki. Karudi nyuma, anasoma tena. Mwalimu Hudhaifa katokea mlangoni na Nahla, kofia mkononi. Mama yumo kwenye simu, kwenye rafu ya sahani — picha imeganda, mdomo wazi.

Bwana Abdulsamad katoa kalamu mfukoni. Nilidhani anakata.

Hakukata. Kamgeukia Bibi. "Bibi, mbona huyu hana jina la baba? Mabruki bin nani?"

Bibi anaifuta mikono kwa kanga. Anaifuta sana. Mimi nimemwandika Liwali na babake, na fundi nikamwacha peke yake, wala sikuona. Sijawahi kuuliza.

Mwalimu anatazama chini. Spika inaita jina, sijui langu, sijui la Nahla. Mgeni anasubiri, kalamu juu ya karatasi. Bibi kamshika mgeni mkono, anamwambia polepole kwamba babake yeye Bibi aliletwa mdogo, mtumwa, na waliomleta hawakuuliza jina la baba.